Mstari Mwekundu Shingoni mwa Yanamwisho

Nikichora mbwa wa mtu, naanza na shingo. Wachoraji wenzangu wananicheka kwa hilo. Wao huanza na macho, au pua, au ile mistari ya penseli ya kupimia kichwa. Mimi napaka shingo kwanza, naiacha ikauke kabisa, ndipo napanda juu. Juzi alikuja kijana mmoja anayefanya kazi Kwala, kamleta mbwa wake ndani ya gari, kamfunga mkanda kama abiria. Alikaa kibarazani kwangu hapa Tangini akinitazama karibu saa nzima, mwishowe akauliza kwa adabu kama kichwa kitakuja leo au arudi kesho. Nilicheka tu. Jibu lake ni refu, tena linaanzia Kisarawe, kwa bibi yangu mzaa baba, mwaka ambao mama alijifungua mapacha na mimi nikaonekana mzigo wa tatu.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Baba alikuwa fundi rangi, akipaka kuta za watu na kuchora mabango ya saluni na gereji. Alinipeleka kwa pikipiki, tukapita Mlandizi, tukashika njia ya vumbi ya kuelekea Mzenga, na katikati yetu tukaubana mfuko wa saruji wenye makopo ya rangi za mafuta zilizobaki kazini: nyeusi ya mageti, krimu ya ukuta wa mtu, kahawia ya milango, na nyekundu kidogo ya kuandikia "Hatari". Alinipa ili nisilie. Vipande vya plaiwudi navyo alinipa. Brashi hakunipa, maana fundi haazimi mtu brashi yake, labda umpokonye akiwa maiti. Kwa hiyo brashi yangu ya kwanza ilikuwa mswaki. Nilikata kijiti cha mti ule ule ambao Bibi alisugulia meno, nikakitafuna ncha mpaka ikatoa nyuzi, nikachovya.

Nilianza kuchora mbwa kwa sababu mbwa walikuwapo. Kwetu Tangini mbwa nilimjua kwa kubweka tu, nyuma ya geti lenye maandishi ya baba. Kule kwa Bibi, ng'ambo ya shamba la mihogo, alikaa mjane mmoja tuliyemwita Mama Elinami. Alikuja na mumewe kutoka kaskazini, wakanunua shamba, wakaleta ng'ombe wachache na mbwa watatu. Mumewe akafariki. Ng'ombe wakabaki wawili. Mbwa mkubwa, mweusi, mwenye mvi puani, aliitwa Yanamwisho. Jina hilo alipewa na marehemu, wakati ndugu zake walipokuwa wanagombania naye kihamba cha baba yao, yaani shamba la ukoo. Kwao, alinieleza Mama Elinami, mtu mwenye adabu hamtukani jirani. Ananunua mbwa, anampa jina, na kila jioni anamwita kwa sauti kubwa. Jirani anapata barua yake bila kuguswa.

Bibi alimwita Mama Elinami "Mgeni", na alikuwa mgeni wa mwaka wa tisa; yeye alimwita Bibi "Mama Saidi". Walipendana kwa namna yao ya kutaniana na kununiana. Maziwa yalikuja kwetu, nazi na kisamvu vikaenda kwao. Kila Jumamosi Mama Elinami alikuja kusukwa nywele na Bibi, akaketi chini kwenye mkeka, kichwa kakiegemeza kwenye magoti ya Bibi, anasinzia. Nywele zilizokatika alizikusanya mwenyewe akaziacha pale pale kwenye kipande cha gazeti, Bibi azitupe. Sikujua wakati ule kwamba kuna watu wasiomwachia mtu yeyote hata unywele mmoja.

Kitu ambacho Bibi hakukitania ni mbwa wenyewe. "Mate ya mbwa ni najisi, mke mwenzangu," aliniambia siku ya kwanza, kwa utani ule wa bibi na mjukuu, lakini macho yake hayakuwa ya utani. Siku Yanamwisho aliponiramba mkono niliuosha mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, Bibi kasimama na kata ya maji akihesabu kwa sauti kama karani. Baada ya hapo nikajifunza kukaa mbali hatua nne. Naye akajifunza. Alikuwa anakuja, ananikalia mbele, makalio kayalaza upande mmoja kwa sababu nyonga ilikuwa inamuuma, ananitazama. Sijawahi kupata tena kielelezo mvumilivu kama yule.

Mwanzo nilikuwa sijui kitu. Mbwa wangu wa kwanza alikuwa Popi, yule mdogo wa rangi ya kahawia, nikampanga miguu yote minne mstari mmoja kama meza. Mama Elinami aliitazama picha akasema, "Huyu atatoa maziwa?" Alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilikasirika. Nilikasirika kwa ile hasira ya mtoto anayejua kwamba anachekwa kwa haki. Nikarudi kesho yake na kipande kingine, na keshokutwa na kingine. Mbwa wa tatu alikuwa mbuzi kamili, amekosa pembe tu. Wa tano alikuwa na uso wa mtu, tena mtu mwenye madeni. Vipande vilipoisha nilivipaka krimu nikaanza upya. Wa saba, Mama Elinami hakucheka. Alisema, "Huyu Popi ana njaa," na kweli ulikuwa wakati wa Popi kula, nami nikaenda nyumbani natembea juu juu.

Wakati huo huo nilikuwa nasoma chuo cha Kurani kila alasiri kwa mwalimu mmoja mpole. Siku moja alitufundisha kwamba mwenye kuchora kiumbe chenye roho, siku ya Kiyama ataambiwa akipulizie roho kile alichokichora, naye hataweza. Watoto wenzangu waliogopa moto. Mimi niliogopa pumzi. Niliwaona mbwa wangu wote saba, hata niliokwisha kuwafunika kwa krimu, wamepanga foleni, kila mmoja juu ya plaiwudi yake, wananingoja, na kifua changu kidogo. Nikaanza mazoezi. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kupuliza moto jikoni, Bibi akanisifu kwa jirani kwamba mjukuu wake kawa mtoto wa kazi.

Mazoezi hayakunitosha. Nikanyoosha mkono chuoni. "Mwalimu, na aliyekwisha kuchora je?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Apige mstari shingoni," alisema. "Atenge kichwa na kiwiliwili. Hapo hakuna kiumbe kamili, ni pambo tu."

Nilirudi mbio. Kabla ya magharibi mbwa wote waliobaki walikuwa wamepigwa mstari mweusi shingoni, mmoja mmoja, na moyo wangu umetulia. Nani aliyejua kuna dawa rahisi namna ile? Tangu siku hiyo, kila nilipomaliza picha nilipiga mstari wangu kama fundi anavyoweka sahihi.

Ndipo Mama Elinami akaniita sebuleni kwake. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu mumewe amevaa suti, na pembeni pake pametolewa kalenda, pamebaki msumari mtupu. "Tatu, mwanangu," aliniambia, "Yanamwisho amezeeka. Huyu ndiye kitu cha mwisho alichokiita mume wangu kwa mdomo wake. Nichoree. Nimtundike hapa."

Sikuwahi kupewa kazi na mtu mzima, achilia mbali kazi ya ukutani. Nilimchora Yanamwisho wiki tatu. Nilidhani mbwa mweusi ni rahisi, unapaka nyeusi basi. Nilipopaka nyeusi nikapata shimo lenye masikio. Nikarudi kukaa, hatua nne, nikamtazama mpaka macho yakaniuma, na alasiri moja nikaona kwamba mgongoni ana ubluu, mbavuni ana ukahawia, na kifuani kuna mahali jua linampiga anakaribia kuwa krimu. Nikachanganya. Nikaweka pengo dogo kwenye sikio la kushoto, alikong'atwa ujanani. Nikaweka mvi puani kwa ncha ya mwiba. Ilipofika kwenye mstari nikakwama, kwa sababu mstari mweusi juu ya shingo nyeusi hauonekani. Sasa hivi nacheka, kana kwamba Mungu angeshindwa kuona mweusi juu ya mweusi. Lakini nilitaka mambo yawe wazi. Nikafungua kopo la rangi ya "Hatari", nikapiga mstari mwekundu, mwembamba, ulionyooka vizuri kuliko yote niliyowahi kupiga.

Nilimpelekea Mama Elinami picha, nimeifunga kwenye khanga. Aliifungua. Alitabasamu kwanza, nakumbuka, kwa sababu aliona sikio. Halafu tabasamu likasimama mahali pake.

"Ahsante, mwanangu. Na hii nyekundu hapa shingoni?"

"Lazima iwepo, Mama," nilimjibu kwa fahari. "Hiyo ndiyo inafanya asiwe hai."

Alifunga khanga tena, akaenda nayo chumbani. Nilidhani amefurahi mpaka amekosa maneno, nikarudi nyumbani narukaruka. Hilo ndilo kosa ninalolionea haya zaidi, kuliko hata mstari. Sikumtazama uso. Nilimtazama mbwa wiki tatu, nikashindwa kumtazama mtu dakika moja.

Siku ya nne Yanamwisho alikutwa amekufa kwenye majani karibu na zizi. Aliumwa na nyoka aina ya kifutu. Alama za meno zilionekana wazi chini ya taya, na shingo ilikuwa imevimba, imekuwa nene kuliko kichwa. Mtoto wa Mama Elinami, mtu mzima aliyekuja kumsaidia kuzika, ndiye aliyekuja kwetu na ile khanga mkononi. Alimwamkia Bibi, akampa khanga ikiwa imekunjwa bila picha ndani, akasema mama yake amesema Jumamosi hatakuja kusukwa.

"Anaumwa?" Bibi aliuliza.

"Haumwi, Bibi." Alinitazama mimi. "Amesema hana ugomvi na mtu. Ila kila mtu akae kwake."

Alipoondoka Bibi alinikalisha jikoni. Niliongea yote: mwalimu, mstari, rangi ya "Hatari", na lile neno nililomwambia Mama Elinami. Bibi alishika kichwa. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alijifunga ushungi, akaenda kwa Mama Elinami saa ile ile, na mimi nyuma yake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Bibi alieleza mambo ya chuo akiwa amesimama juani, anaongea na mbao. Alisema ni mafundisho ya watoto, hayana ubaya. Alisema kifutu ni nyoka wa siku zote, kila mwaka anaua kuku na mbuzi wa watu.

Sauti ya Mama Elinami ilitoka ndani, ya chini, iliyochoka. "Nyoka yupo miaka yote, Mama Saidi. Nani alimwonyesha shingo?"

Bibi aligeuka. Tulirudi. Alitembea polepole, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba bibi yangu ni mzee. Watu kutoka bara wamesikia mengi kuhusu sisi watu wa Pwani, kwamba kwetu hata mtoto mchanga anazaliwa na hirizi, na Mama Elinami alikuwa ameyaweka hayo pembeni kwa miaka tisa akamkabidhi Bibi kichwa chake. Sasa yakamrudia yote. Lisemwalo lipo, wakasema majirani. Kisimani wanawake walinyamaza Bibi alipofika. Aliacha kwenda asubuhi, akawa anakwenda mchana jua likiwa utosini, peke yake, na mimi nyuma na kidumu changu. Alikuwa amenipenda, kanisifu, kanihesabia maji mara saba, nami nilikuwa nimempa jina baya uzeeni.

Kibaya zaidi, mimi mwenyewe niliamini. Watu wazima walikuwa wanabishana kama Bibi alitumia dawa au hakutumia. Mimi nilijua mchawi ni nani. Nilipiga mstari, mbwa akafa pale pale kwenye mstari. Ningeweza kukataa vipi? Nilikaa siku mbili sili vizuri, kisha siku ya tatu ile hasira yangu ya mbwa wa kwanza ikanirudia. Kama mstari umemuua, nilijiambia, basi nitamchora bila mstari. Sikudhani atafufuka, sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilitaka awepo mahali, mzima, shingo na kila kitu, hata kama mimi nitapelekwa nikaulizwe.

Bibi alinikuta nakwangua plaiwudi. "Tatu, hayo makopo nilisema yakae."

"Namchora Yanamwisho, Bibi. Bila mstari."

"Unajua ulivyofundishwa."

"Najua. Nitaulizwa mimi."

Aliupandisha ungo wa mchele kiunoni. "Mimi sikukatazi wala sikutumi," alisema, akaenda kupepeta.

Kumchora mbwa aliyekufa ni kazi nyingine kabisa. Yale macho ya hudhurungi niliyokuwa nayaona kila siku yalipotea ghafla, nikikumbuka nilikumbuka picha yangu na siyo yeye. Nilikwenda kukaa hatua nne kutoka mahali alipokuwa anakaa. Nilipima kwa mkono pale kivuli chake kilipokuwa kinafika. Vipande viwili viliharibika. Cha tatu kilikuwa kizuri mpaka shingoni. Kila nilipofika shingoni mkono ulitaka kupiga mstari wenyewe, kwa mazoea, na nilipouzuia, shingo ikatoka kama bomba la maji.

Ijumaa hiyo baba alikuja kutuangalia. Bibi alikuwa amemsimulia. Alichuchumaa nyuma yangu akiwa bado na vumbi la Mlandizi kwenye nyusi.

"Shingo hukuiangalia," alisema.

"Nilikuwa napiga mstari juu yake."

Alijipangusa vumbi. "Mabango yangu ya saluni unayakumbuka?"

Ninayakumbuka vizuri. Vichwa vya wanaume wenye nywele zilizochongwa, vichwa vya wanawake wenye rasta, vyote vimeishia kidevuni, vinaelea kwenye anga ya bluu. Miaka yote niliamini baba hajui kuchora mabega. Niliwahi hata kuwaambia watoto wenzangu, kwa siri, ili wasimcheke.

"Mimi pia nilisoma chuo hapa hapa," baba alisema. "Nilichagua langu. Sijawahi kuchora mtu mzima, kichwa mpaka miguu, tangu hapo, na wateja wanadhani ni mtindo." Akacheka kidogo, bila furaha. "Wewe umechagua nini?"

"Nitamchora mzima."

"Ukiulizwa?"

"Nitasema nilimfanyia Mama Elinami, kwa sababu nilimuumiza."

Baba aliinuka. Alikwenda kwenye pikipiki, akafungua begi lake la kazi, akarudi na brashi ya manyoya, ndogo, mpini wake umeliwa na rangi za miaka mingi. Akanipa mkononi. Kisha akanionyesha namna ya kupaka kahawia yenye wekundu kwanza chini, nyeusi ije juu yake nyembamba nyembamba, ili ngozi ipumue. Alimwita mbwa wa njiani akamkuna shingo mbele yangu, mara saba zake zikimngoja kisimani, ili nione jinsi manyoya yanavyogeuka pale chini ya taya, yanavyokutana kama maji mawili. Bibi aliona yote kutoka mlangoni. Alileta udongo na kata bila kuitwa.

Siku sita nilikuwa na ile shingo. Vitu vingine vilikaa mahali pake mara moja: sikio lenye pengo, mvi, nyonga iliyolazwa upande. Shingo niliipaka, nikaifuta, nikaipaka tena juu ya ile isiyokauka, nikaongeza, nikapunguza, kwa sababu nilitaka mtu akiitazama asione hata alama, hata kivuli kinachofanana na alama. Siku ya saba niliamka nikaona Yanamwisho ananitazama kutoka kwenye plaiwudi. Niliogopa. Nilimwambia, kwa sauti, "Pumzi sina," nikaubeba ubao.

Nilikwenda peke yangu. Ilikuwa saa nne asubuhi, Mama Elinami yuko uani anachambua maharage, kichwa kakifunga kitambaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakuniambia karibu.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakanikimbia. Niligeuza ubao nikauinua mbele ya kifua changu, ili asinione mimi, amwone yeye.

Nilisikia ungo ukiwekwa chini, kisha hatua. Aliutoa ubao mikononi mwangu akaupeleka kwenye mwanga. Nilimtazama uso safari hii. Nilimtazama kama nilivyomtazama mbwa, bila kupepesa. Nikaona anafika kwenye sikio, anafika kwenye mvi, anafika kwenye ile nyonga, na mdomo wake ukasema kitu kwa lugha yao. Halafu akashuka shingoni, uso ukakaza. Aliinua kidole gumba, akakipitisha pale shingoni polepole, toka upande huu hadi upande ule, kuhakikisha hakuna kitu kilichofichwa chini.

Rangi ilikuwa mbichi. Ile shingo niliyoirudia mara zote zile ilikuwa imekauka ngozi ya juu tu. Kidole kilichimba, nyeusi ikasogea, na chini yake ikatokea kahawia yangu yenye wekundu, mstari mzima, kutoka sikio hadi sikio.

Tulisimama. Mama Elinami aliutazama mstari, akakitazama kidole chake kilichojaa rangi, akautazama mstari tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini kicheko kilikuwa kinapita katikati.

"Haya, Tatu," alisema. "Wachawi sasa tuko wawili."

Nilinyoosha mkono nichukue ubao nikautengeneze. Akauvuta kwake. "Usiguse. Huu nimepiga mimi." Akaniuliza kama Bibi yupo nyumbani. Nikasema yupo. Alitoka vile vile, peku, kaukumbatia ubao upande usio na rangi, na mimi nikamfuata kwenye njia ya mihogo, nikikimbia kidogo ili nisiachwe.

Bibi alikuwa anakuna nazi. Alipomwona alisimama na mbuzi ya nazi ikaanguka. Mama Elinami hakuamkia, hakukaa. Alinyoosha kile kidole cheusi mbele yake.

"Mama Saidi, nimempiga mstari shingoni kwa mkono wangu mwenyewe. Nami nilikuwa nampenda."

Bibi alikiangalia kidole, akaiangalia picha, na mwisho akaniangalia mimi niliyekuwa nimejibanza nyuma ya Mama Elinami.

"Na huyu je?" aliuliza.

Mama Elinami aligeuka. Alinitazama sana, kama mtu anayeniona kwa mara ya kwanza.

"Naye alimpenda," alisema.

Tangu siku ile walipomzika Yanamwisho nilikuwa sijatoa chozi hata moja, kwa sababu nilijua muuaji hana haki ya kulia msibani. Nilikaa chini pale pale uani, kwenye machicha ya nazi, nikamlilia mbwa wangu.